Draiva ya bure ya kadi ya mtandao yaweza kumaliza mtaji

KOMPYUTA ya nyumbani siku hizi si chombo cha kuandikia barua na kuchezea michezo tu. Kwa mfugaji wa kuku, mwenye duka la pembejeo au mkulima wa mboga anayeuza hotelini, hiyo ndiyo daftari la mauzo, ndiyo dirisha la benki na ndiyo meza ya kuwasilishia ritani za kodi.

Kwa sababu hiyo, anayeiingilia kompyuta hiyo kwa siri hapati picha za harusi peke yake. Anapata nywila za benki, orodha ya wadaiwa na mawasiliano ya wateja wote.

Moja ya njia ambazo wahalifu huzitumia kuingia humo ni programu ndogo ambayo watu wengi huitafuta kwa haraka, bila kuuliza maswali. Programu hiyo ni draiva ya kadi ya mtandao.

Kadi ya mtandao ni kile kifaa chenye tundu la kuchomekea waya unaotoka kwenye ruta. Katika kompyuta nyingi kifaa hicho hujengwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi, kama vile Windows, kuelewana na kadi hiyo. Isipokuwapo, waya utachomekwa na ruta itawaka taa, lakini kompyuta itadai kuwa haina mtandao.

Tatizo linapoanzia

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Afrika Mashariki Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Tangu wakati huo intaneti ya kasi imeendelea kusambaa hadi majumbani katika miji ya Tanzania na Kenya, na watu wengi wakaanza kujali kasi ya kadi zilizomo ndani ya kompyuta zao.

Wakati huohuo, wenye biashara ndogo wengi hununua kompyuta za mezani zilizokwishatumika Ulaya, ambazo huuzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika maduka ya miji mingine. Kompyuta hizi za kampuni kama Dell, HP na Lenovo ni imara na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, kwa kawaida huwa zimefutwa na kuwekewa Windows upya kabla ya kuuzwa.

Mara nyingi Windows huitambua kadi yenyewe na kazi ikaendelea. Lakini ikitokea haikuitambua, mnunuzi hujikuta katika mtego: ili apate draiva anahitaji intaneti, na ili apate intaneti anahitaji draiva.

Hapo ndipo wengi huchukua simu, wakaandika jina la kompyuta pamoja na maneno "draiva ya bure", kisha wakapakua faili la kwanza linalojitokeza. Mara nyingi matokeo ya juu kabisa huwa ni matangazo yaliyolipiwa. Kinachopakuliwa kinaweza kuwa draiva halisi, draiva iliyofungashwa pamoja na programu za matangazo, au virusi vilivyovishwa jina la draiva.

Kundi lingine ni la programu zinazojinadi kuwa zitakagua kompyuta nzima na kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Baadhi yake hudai zimekuta draiva nyingi zilizopitwa na wakati, hata kwenye kompyuta isiyo na hitilafu yoyote, kisha zikataka zilipwe kwa kadi ya benki ndipo zifanye kazi. Anayelipa huwa amenunua kitu ambacho mtengenezaji wa kadi hukitoa bila malipo.

Kwa nini draiva ni hatari kuliko programu nyingine

Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia hesabu, hufanya kazi ndani ya mipaka iliyowekwa na mfumo endeshi. Draiva nyingi, zikiwamo za kadi za mtandao, hufanya kazi katika kiini cha mfumo wenyewe.

Tofauti yake ni kama ile ya mteja wa ghala na mtunza ghala. Mteja huishia kaunta. Mtunza ghala anashika funguo zote, na akiwa mwizi, kufuli za mlangoni hazina maana tena. Draiva mbovu inaweza kuizima programu ya kuzuia virusi, kusoma kinachoandikwa na kuendelea kujificha kwa muda mrefu.

Kwa kutambua hilo, Microsoft iliweka sharti la saini ya kidijitali. Kuanzia Windows Vista ya biti 64, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, draiva ya kiini isiyo na saini hairuhusiwi kufanya kazi. Mwaka 2016 sharti hilo likakazwa katika toleo la 1607 la Windows 10, ambapo draiva mpya za kiini zilitakiwa zisainiwe na Microsoft yenyewe.

Saini inasaidia sana, lakini si kinga kamili. Juni 2010 kampuni ya usalama ya VirusBlokAda ya Belarus iligundua kirusi kilichokuja kujulikana kama Stuxnet. Draiva zake zilikuwa na saini halali ya Realtek ya Taiwan, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa chipu za mtandao zinazotumika katika kompyuta za nyumbani. Wahalifu walikuwa wamejipatia cheti cha kampuni hiyo kwa wizi, na cheti hicho kilifutwa Julai mwaka huohuo. Muda mfupi baadaye ikaonekana draiva nyingine yenye saini ya JMicron, ambayo nayo ni kampuni ya Taiwan.

Juni 2021 Microsoft ilithibitisha kuwa draiva moja hasidi, iliyojulikana kama Netfilter, ilipita katika utaratibu wake na kupata saini yake. Desemba 2022 kampuni hiyo ilitangaza kuwa imesimamisha akaunti kadhaa za watengenezaji baada ya draiva walizowasilisha kutumika katika mashambulizi.

Ipo pia hatari ya draiva halali lakini ya zamani. Draiva ya Intel ya kupimia kadi za mtandao, yenye faili liitwalo iqvw64e.sys, ilikutwa na udhaifu uliosajiliwa mwaka 2015. Miaka kadhaa baadaye, Januari 2023, kampuni ya CrowdStrike iliripoti kuwa wadukuzi walijaribu kuipandikiza draiva hiyo ya zamani kwenye kompyuta za walengwa wao ili kuzishinda kinga zake.

Kwa hiyo, faili kuwa na jina la kampuni kubwa hakutoshi. Linalotakiwa kuangaliwa ni limetoka wapi na ni toleo gani.

Itambue kadi kabla ya kuitafutia draiva

Mkulima makini hanunui mbegu kwa kutazama picha ya hindi kwenye mfuko. Huangalia aina, tarehe na lebo ya TOSCI, kisha akanunua kwa wakala anayefahamika. Draiva nayo inahitaji utaratibu kama huo.

Hatua ya kwanza ni kuijua chipu iliyomo ndani ya kadi. Jina lililoandikwa kwenye boksi la kompyuta halitoshi, kwa kuwa mtengenezaji mmoja huweza kutumia chipu za kampuni tofauti.

Katika Windows, mtumiaji hufungua Device Manager, akaichagua kadi ya mtandao au kile kifaa chenye alama ya njano, akaingia Properties, kisha Details, na hapo akachagua Hardware Ids. Zitatokea herufi na tarakimu zinazoanza na PCI, zikifuatiwa na VEN na DEV. VEN humtaja mtengenezaji wa chipu na DEV huitaja chipu yenyewe.

VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek na VEN_14E4 ni Broadcom. Kwa upande wa Realtek, DEV_8168 ni familia ya chipu za gigabiti 1 kwa sekunde, zilizoenea mno katika kompyuta za nyumbani, na DEV_8125 ni ya gigabiti 2.5. Namba hizi huonekana hata kama draiva haijawekwa, hivyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Pa kuipata kwa usalama

Baada ya kuitambua kadi, mpangilio wa kuitafuta draiva uanzie mahali salama zaidi.

Kwanza ni Windows Update. Kompyuta inaweza kuunganishwa na simu ya Android kwa waya wa USB, simu ikawashwa kugawa intaneti. Kwa kawaida Windows 10 na Windows 11 huitambua simu hiyo bila kuongezewa kitu, na draiva ya kadi ikatafutwa kwa utaratibu wa Microsoft wenyewe. Draiva nyingine hukaa katika sehemu ya masasisho ya hiari, hivyo inafaa kupaangalia pia. Njia hii huondoa haja ya kutangatanga mitandaoni.

Pili ni tovuti ya aliyeunda kompyuta. Dell huweka kwenye kompyuta zake lebo yenye Service Tag. Namba hiyo ikiandikwa katika ukurasa wa msaada wa kampuni hiyo, huonyesha draiva za kompyuta hiyohiyo. HP na Lenovo nao hutumia namba ya usajili ya kompyuta. Kwa kompyuta iliyounganishwa dukani kwa vipande, jina la kutafuta ni la mtengenezaji wa ubao mkuu.

Tatu ni tovuti ya mtengenezaji wa chipu, yaani Intel au Realtek. Anwani iandikwe kwa mkono kwenye kivinjari badala ya kubofya tangazo, na isomwe herufi kwa herufi, kwa kuwa matapeli husajili majina yanayofanana na ya kampuni hizo.

Nne ni Microsoft Update Catalog, ghala la Microsoft ambamo draiva hutafutwa kwa kutumia ile namba ya VEN na DEV. Ghala hili hufaa hasa kwa kompyuta za zamani ambazo waundaji wake wameacha kuzihudumia.

Kwa watumiaji wa Linux kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa draiva za kadi nyingi za Intel na Realtek huja ndani ya kiini cha mfumo wenyewe. Ile ya Realtek inaitwa r8169, na tangu toleo la 5.4 la kiini hicho, lililotoka mwaka 2019, inahudumia pia chipu za gigabiti 2.5.

Hata asiyetumia Linux anaweza kufaidika nayo. Akiiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux bila kuisakinisha, na mtandao ukafanya kazi, atajua kuwa kadi ni nzima na kinachokosekana ni draiva ya Windows tu. Kipimo hicho kinaweza kumwepusha kununua kadi mpya asiyoihitaji.

Likague faili kabla ya kulifungua

Faili likishapakuliwa, lisifunguliwe papo hapo. Mtumiaji alibofye kwa kitufe cha kulia, aingie Properties na kuangalia sehemu ya Digital Signatures. Jina la aliyesaini liwe la kampuni inayotarajiwa, na Windows iseme kuwa saini ni sahihi.

Baadhi ya kampuni huchapisha kando ya faili mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA-256. Amri ya certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, itatoa mfululizo wa faili lililopakuliwa. Ukitofautiana hata kwa herufi moja na ule uliochapishwa, faili hilo si lile lililotolewa na kampuni.

Faili linaweza pia kupakiwa kwenye VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hulipitisha katika programu nyingi za kuzuia virusi kwa wakati mmoja. Matokeo safi si cheti cha usalama, lakini matokeo mabaya yanatosha kulifanya faili lifutwe.

Zipo dalili mbili za kusimamisha kazi mara moja. Ya kwanza ni maelekezo ya kuizima programu ya kuzuia virusi ili draiva ikubali kuingia. Ya pili ni maelekezo ya kuondoa sharti la saini katika Windows. Hakuna draiva ya kawaida ya kadi ya mtandao kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana inayohitaji mtumiaji wa nyumbani afanye mambo hayo.

Si kila kasi ndogo inatokana na draiva

Wengi huitafuta draiva mpya kwa kuwa intaneti yao ni ya polepole, si kwa kuwa kadi imekataa kufanya kazi. Hapa inafaa kupiga hesabu kwanza.

Kadi ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha megabaiti 12.5 kwa sekunde. Ya gigabiti 1, kwa kiwango kilichoidhinishwa mwaka 1999 kwa nyaya za shaba, hupitisha megabaiti 125. Viwango vya gigabiti 2.5 na 5 viliidhinishwa mwaka 2016.

Kama kifurushi cha nyumbani ni cha megabiti 20, hata kadi ya megabiti 100 inakitosheleza mara tano. Draiva mpya haiwezi kuongeza kile ambacho mtoa huduma hakukileta.

Kasi ya kadi huonekana zaidi pale mafaili yanapohamishwa kati ya kompyuta za ndani. Mfugaji mwenye kamera za banda, akitaka kunakili gigabaiti 20 za picha, atahitaji takriban dakika 27 kwa kadi ya megabiti 100, na chini ya dakika tatu kwa kadi ya gigabiti 1, iwapo diski zake zinaweza kwenda na kasi hiyo.

Tena, mara nyingi mkosaji ni waya. Mawasiliano ya megabiti 100 hutumia nyaya ndogo nne kati ya nane zilizomo ndani ya waya wa mtandao, wakati ya gigabiti 1 huhitaji zote nane. Uzi mmoja ukikatika, au kichwa cha waya kikibanwa vibaya, kadi nzima ya gigabiti inaweza kushuka hadi megabiti 100. Ni busara kujaribu waya mwingine wa daraja la Cat5e au zaidi kabla ya kugusa draiva.

Wakati mwingine kasoro imo ndani ya chipu yenyewe. Matoleo ya mwanzo ya chipu ya Intel I225-V ya gigabiti 2.5 yalikuwa na hitilafu iliyojulikana mwaka 2020, ambayo ilipoteza data yanapounganishwa na baadhi ya vifaa. Nafuu mojawapo ilikuwa kuishusha kadi hadi gigabiti 1, na dawa kamili ikaja na chipu zilizorekebishwa. Aliyekesha akipakua draiva kutoka tovuti za mitaani alijiongezea hatari bila kuponya ugonjwa.

Kazi ya fundi na gharama zake

Fundi anayefuta kompyuta na kuweka Windows upya anaweza kuondoa sehemu kubwa ya tatizo hili kwa kuhifadhi draiva zilizopo kabla ya kuzifuta. Kuanzia Windows 8.1, amri ya dism /online /export-driver /destination:D:\draiva hunakili draiva zote zilizoongezwa kwenye kompyuta na kuziweka katika folda iliyoandaliwa, ambayo baadaye huhamishiwa kwenye flashi safi. Kama kompyuta haikuwa na virusi hapo awali, draiva hizo ndizo zinazoendana nayo zaidi.

Mteja naye ana haki ya kuuliza draiva zimetoka wapi. Flashi ya fundi iliyopita katika kompyuta za wateja wengi inaweza kubeba virusi kutoka nyumba moja hadi nyingine, na mkusanyiko wa draiva uliotengenezwa na watu wasiojulikana haufai kwenye kompyuta inayoingia benki.

Kabla ya kuweka draiva mpya ni vizuri pia kutengeneza alama ya kurudia ya Windows, yaani System Restore. Draiva ikileta matatizo, kitufe cha Roll Back Driver ndani ya Device Manager huirudisha ile ya awali. Na kama kadi inafanya kazi vizuri na Windows haijaleta sasisho la usalama, hakuna faida ya kuibadilishia draiva kwa sababu tu ipo mpya.

Suala la umri wa Windows nalo liingizwe kwenye hesabu. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikafikia mwisho Oktoba 14, 2025. Tangu sasisho la mwaka 2022, Windows 11 huja ikiwa imewasha orodha ya kuzuia draiva zenye udhaifu unaojulikana. Anayenunua kompyuta iliyotumika aulize kwanza kama inakubali Windows 11, kwa sababu nyingi za zamani hazikidhi masharti yake. Kama haikubali, bei yake iwe ndogo kulingana na hilo, au itumike na Linux.

Kwa hesabu ya biashara, chukulia duka la pembejeo lenye Sh3 milioni kwenye akaunti ya benki inayofunguliwa kwa kompyuta ya nyumbani. Njia salama ya kupata draiva itamgharimu mwenye duka bando la simu na pengine saa moja ya kazi, au malipo ya fundi mwaminifu. Njia ya mkato itamwokolea dakika kadhaa, huku ikiziweka rehani Sh3 milioni hizo pamoja na madeni ya wateja ambayo hayajaandikwa kwingine.

Kwa aliyekwisha kuweka draiva asiyoiamini, hatua ya kwanza ni kuchomoa waya wa mtandao. Nywila za benki na barua pepe zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, benki ijulishwe, mafaili ya kazi yahifadhiwe pembeni, kisha Windows iwekwe upya kutoka kwenye flashi iliyoandaliwa kwa programu ya Microsoft yenyewe. Kuifuta draiva peke yake hakutoshi, kwa kuwa iliyokwisha kuingia katika kiini cha mfumo inaweza kuwa imeacha nyingine nyuma yake.